Patience Inachemka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Carmel alifagia uwanja, akawasha moto wa chai, halafu akaenda kuinywesha Patience. Patience hakuwa ng'ombe wala mbuzi. Ilikuwa pikapu kuukuu ya baba yake, Papa Esdras, na jina hilo lilikuwa limeandikwa mbele, juu ya kioo, kwa rangi nyeupe. Watu wa Bihambwe walisema jina linaifaa sana, maana aliyepanda pikapu ile bila uvumilivu alishuka na kutembea. Walisema hivyo, na bado waliipanda. Iliwapeleka sokoni na magunia yao ya maharagwe na mihogo, ikawarudisha na chumvi na sabuni. Mgonjwa akizidiwa, hapakuwa na gari lingine kijijini la kumkimbiza.

Kuinywesha kulikuwa hivi. Carmel alipanda juu ya bampa na kufungua kifuniko cha radiateri, lile sanduku la vijibomba vyembamba ambamo maji ya moto ya moteri, yaani injini, hupita ili yapoe. Alichungulia ndani. Maji yakiwa yamepungua, aliongeza kutoka kwenye bidoni, dumu lake la manjano. Zamani kazi hiyo ilimfurahisha. Alikuwa akizungumza na gari huku akimimina, akiliuliza limeamkaje, akilitania kwamba linakunywa kama wageni wa harusi. Siku hizi alimimina tu.

Tuseme ukweli, Carmel wa siku hizi hakuwa Carmel wa zamani. Mwaka uliopita mama yake, Mama Brigitte, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati Patience iko mbali na mvua imekata njia. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa tipoyi, ile machela ya miti, wakipokezana mlimani. Carmel alitembea nyuma yao na kikapu cha nguo za mtoto kichwani. Mama alifika hospitali kubwa, akapasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Carmel alirudi nyumbani na kikapu kile kile, nguo zimekunjwa vile vile. Alingoja machozi yaje. Hayakuja. Moyo wake ulikufa ganzi, na tangu siku hiyo ukimpa habari nzuri anajibu "sawa", ukimpa habari mbaya anajibu "sawa". Watu walimsifu kwamba ni mtoto mwenye nguvu. Jamani! Ile haikuwa nguvu.

Sasa Mama Brigitte alikuwa na mimba tena, tena kubwa. Mama Anne, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja nyumbani na kusema bila kuzungukazunguka.

"Mama Carmel, weye hauwezi kuzalia hapa. Walikupasua mwaka jana. Mbele ya uchungu kuanza, ukuwe umeshafika ku hospitali kubwa, ungojee kule. Na si kwa tipoyi. Mara hii tipoyi itakuua weye na mutoto."

"Gari iko," Papa Esdras alijibu. "Nitamupeleka miye mwenyewe."

Carmel alikuwa ameketi kando akimenya viazi. Alisikia kila neno. Hakusikia woga wowote. Akachukua kiazi kingine.

Asubuhi moja aliona udongo umelowa chini ya Patience. Aliinama akatazama. Tone lilidondoka kutoka kwenye radiateri, likafuata lingine. Papa Esdras alikuwa bado amelala kwa uchovu wa safari, na Carmel hakumwamsha. Alikumbuka siku moja sokoni Ngungu, dereva wa lori alipoona radiateri yake inavuja, akaomba unga kwa muuzaji, akadondosha ndani kiasi cha kushika kwa vidole. Tundu likaziba. Madereva wenzake walicheka, na mmoja alisema dawa ile ni ya kufikia nyumbani tu, halafu gari liende kwa fundi. Maneno hayo ya mwisho Carmel hakuyasikia, alikuwa akifunga gunia.

Basi aliingia jikoni, akachota unga wa muhogo, kopo zima. Aliona kwamba kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi, na safari ya Mama haitaki mchezo. Akaumimina wote ndani, akaongeza maji, akafunga kifuniko. Jioni alipochungulia, udongo ulikuwa mkavu.

"Sawa," akasema moyoni.

Wewe unayesoma umekwisha kuona bugali ikipikwa. Unajua unga ukikutana na maji ya moto unafanya nini. Lakini usimcheke haraka. Mtoto yule alitaka kumsaidia mama yake, ila hakuuliza mtu.

Safari iliyofuata, Patience ilichemka. Ilikuwa haijafika hata katikati ya mlima. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye rangi nyekundu, mvuke ukatoka mbele fuu, abiria wakashuka wakilalamika. Papa Esdras alingoja moteri ipoe, akaongeza maji, akaenda kidogo. Ikachemka tena. Siku ya soko iliyofuata ilikuwa vile vile. Wenye maharagwe wakaanza kutafuta punda wa kukodi na pikipiki.

Shuleni, Samy, aliyeketi dawati moja na Carmel, hakuiacha habari ile ipite hivi hivi. "Carmel, gari yenu imekuwa sufuria! Mutiemo maharagwe, mukifika soko imeshaiva!"

Darasa zima likaangua kicheko. Carmel alifungua daftari lake la hesabu.

Jioni Papa Esdras alimwita. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, mikono imejaa masizi. "Carmel, asubuhi unatiamo mayi?"

"Ndiyo, Papa."

"Mayi tu?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Papa Esdras hakuwa mtu wa fimbo, na Carmel alilijua hilo. Hakudanganya kwa kuogopa kuchapwa. Alidanganya kwa sababu jibu la kweli lilikuwa refu, lingeleta maswali, na maswali yangeleta mengine, na yeye hakuwa na hamu ya kusema chochote na mtu yeyote.

"Mayi tu," akasema.

"Muzuri," Papa Esdras alijibu, na akaondoka.

Kesho yake Patience ilisukumwa hadi kwa Papa Gustave, mekanisye, fundi wa magari wa kijiji, aliyekuwa na garaji kando ya njia, chini ya mabati. Papa Gustave alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na mikono ya taratibu. Alianza na mkanda unaozungusha feni. Ulikuwa umelegea kidogo, akaukaza. Papa Esdras akaijaribu Patience mlimani, na akarudi na mvuke.

Papa Gustave akatoa termostati, kijimlango kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maji ndani ya moteri. Akaitumbukiza ndani ya sufuria ya maji yanayochemka ili aone kama inafunguka. Ilifunguka vizuri kabisa. Akairudisha. Akaikagua pampu ya maji, nayo ilikuwa nzima. Akakuna kichwa.

"Hii gari inanitafuta maneno," alisema. "Tuangalie mayi yenyewe."

Carmel alikuwa ametumwa kuleta maji, na alikuwa amesimama pale na bidoni yake. Papa Gustave alichota kidogo kutoka kwenye radiateri kwa kikombe. Maji yalikuwa na weupe. Aliyasugua katikati ya vidole, akatikisa kichwa, uso ukabadilika.

"Esdras, njoo uone. Mayi imekuwa kama maziwa. Jointi ya ndani ya moteri, ile inayotenga mayi na mafuta, ikiungua, mayi na mafuta inachanganyika, njo inakuwa hivi. Ni mubaya." Akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya moteri, akakifuta, akakitazama mara mbili. "Lakini mafuta iko safi. Ingekuwa jointi, na mafuta ingechafuka. Sielewi. Hakuna mutu aliyetiamo kitu? Sabuni? Dawa ya kuziba?"

"Hakuna," Papa Esdras alisema. "Mayi inatiwa na Carmel peke yake. Nilishamuuliza. Na mutoto wangu hasemi uongo."

Wote wawili walimgeukia. Carmel aliitikia kwa kichwa. Kichwa kilikwenda chini na juu, basi, kama cha mtu mwingine.

"Basi ni jointi," Papa Gustave akakata shauri. "Nitafungua moteri yote. Kichwa chake kitaenda Goma kutengenezwa. Itachukua wiki mingi."

"Gustave, wiki mingi sina! Mama Anne amemuangalia Mama Carmel jana. Anasema mutoto ameshashuka. Kesho ao kesho kutwa ninapaswa kumupeleka."

"Nikiiacha hivi, itakufia mulimani na mugonjwa ndani. Unataka vile? Pikipiki?"

"Mama Anne amekataa pikipiki."

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na hakuna gari lililokuwa limepita kwa siku kadhaa. Papa Esdras alivua kofia, akaivaa tena. Halafu alisema polepole, akitazama chini, "Basi niende nikaitane wanaume wa tipoyi."

Papa Gustave alichukua ufunguo wa kufungulia bolti, akauweka juu ya bolti ya kwanza.

Carmel alitazama ufunguo ule. Alikuwa anajua kwamba bolti ile ikifunguliwa, mama yake atabebwa. Alilijua hilo wazi kabisa, na bado ndani yake hapakutikisika kitu. Pengine ndiyo maana, alipofungua kinywa, sauti yake ilitoka bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayetaja bei ya maharagwe.

"Nilitia unga."

Ufunguo ulisimama. "Unga gani?" Papa Gustave aliuliza.

"Ya muhogo. Kopo nzima. Radiateri ilikuwa inavuya."

Hakuna aliyepiga kelele. Papa Gustave aliweka ufunguo chini kwa uangalifu, kana kwamba ungevunjika. "Washa moteri, Esdras."

Moteri ikanguruma kwa muda. Papa Gustave alipeleka kiganja juu ya radiateri, akakiondoa haraka na kukipuliza. Halafu akapapasa chini, upande wa kutokea maji. Mkono ulikaa pale pale.

"Juu moto, chini baridi," alisema. "Mayi haipite. Ingekuwa inapita, ingekuwa moto mpaka huku." Akajipiga paji la uso. "Na miye mujinga! Niliona maziwa, nikakimbilia jointi. Ningegusa hapa mbele ya yote. Hii haina jointi iliyokufa, Esdras. Gari yako imekula bugali!"

Papa Esdras hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu. "Nimesema mbele ya mutu kwamba hausemi uongo," akamwambia. Akaenda kuleta kuni.

Kazi ilianza mara moja. Papa Gustave alifungua radiateri na kuilaza juu ya mawe. Carmel alichota maji mtoni, akayachemsha, akaleta sabuni, akachota tena. Papa Gustave alimimina maji ya moto kwa upande wa chini ili yatoke juu, kinyume cha njia yake ya kawaida, akaitikisa radiateri, akamwaga. Madonge ya kijivu yakatoka, yanateleza, yananuka uchachu. Wakarudia. Yakatoka mengine.

Samy, aliyekuwa amekuja kutazama kama watoto wote wa jirani, alichungulia lile dimbwi. "Bugali iko tayari," alitangaza. "Nani analeta sombe ya kuilia?"

Watu walicheka, hata Papa Esdras mdomo ulimcheza. Carmel aliendelea kusugua. Maji ya moto yalimwunguza vidole na hakutambua mpaka Samy alipomshika mkono na kumwonyesha ulivyokuwa mwekundu. Samy hakutania tena. Alichukua bidoni akaenda mtoni badala yake.

Walisuuza radiateri, wakasuuza na njia za maji ndani ya moteri, mpaka maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Unga ulipokwisha, tundu la zamani lilirudi kuonekana, dogo kama la sindano. Papa Gustave alilichomea kwa risasi iliyoyeyushwa, akalipiga tundu lile kwa ukucha, akaridhika.

"Hapa njo pangeanzia," alimwambia Carmel. "Ungeniletea tundu, ningeziba tundu. Uliniletea bugali na ukaniambia mayi."

Papa Esdras aliipandisha Patience mlimani mpaka juu kabisa. Mshale ulifika katikati, ukakaa hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata waliondoka, Mama Brigitte mbele kando ya dereva, Carmel amebanwa mlangoni na kile kikapu cha nguo za mtoto mapajani. Hawakuwa wamefika mbali Mama aliposhika dashibodi kwa mikono miwili na kukunja uso. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Papa Carmel," alisema, "usisimame."

Njia ilikuwa matope matupu. Patience iliteleza, ikanguruma, ikapanda. Carmel hakuutazama mlima wala matope. Aliutazama mshale. Kila Mama alipoguna, Carmel aliukazia macho zaidi, kana kwamba akifumba jicho moja utapanda. Haukupanda. Mlima uleule uliokuwa ukiwashinda waliumaliza, wakateremka upande wa pili, na hospitali ikaonekana.

Mama aliingizwa ndani mbio. Carmel na baba yake walibaki uani, kwenye benchi la mbao. Halafu, nyuma ya dirisha, mtoto alilia kwa nguvu, kwa hasira, kama aliyeamshwa bila ruhusa. Mlango ukafunguka na muuguzi akasema ni msichana, na mama yake yuko salama.

"Sawa," Carmel alitaka kusema. Neno halikutoka. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unapoamka, kwanza unachoma. Ndivyo kifua cha Carmel kilivyochoma. Alilia hapo benchini mpaka akashikwa na kwikwi, na Papa Esdras, ambaye hakujua la kufanya, alimfunika kwa koti lake.

Mama alipopata nguvu ya kuongea, alimwita Carmel aketi kitandani. Mtoto mchanga alikuwa amelala kando yake.

"Papa yako ameniambia yote," Mama Brigitte alisema. "Unga, nimeshaisahau. Ulitaka kunisaidia, ukakosea. Mutu anakosea. Lakini walikuuliza, mara moja, mara mbili, na ukaficha. Kosa ukilisema, mutu anajua pa kutia mukono. Ukilificha, hata fundi mwenye akili anapapasa tu, na anaweza kuvunja kizima akitafuta kibovu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Munisamehe."

"Ulikuwa unaogopa Papa?"

Carmel alifikiri. Mara hii alichukua njia ndefu ya jibu. "Hapana. Sikuogopa. Sikusikia kitu. Tangu yule mutoto wa mwaka jana, miye sisikii kitu. Hata kulia nilishindwa."

Macho ya Mama Brigitte yalijaa machozi.

"Njo ile nayo ungeniambia," alisema. "Ile zaidi ya unga. Miye nilikuwa nalia jikoni peke yangu, sababu nilizani weye umeshamusahau."

"Sikumusahau, Mama."

"Basi. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mutu na yake. Tusirudilie tena." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamnyanyua mtoto. "Mushike mudogo wako."

Carmel alirudisha mikono nyuma. "Mama, sasa niko naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nitamuangusha."

"Muzuri, umesema," Mama akajibu. "Sasa najua. Kaa vizuri, uegemee ukuta. Weka mukono hapa, chini ya kichwa." Na akamweka mtoto mikononi mwake.